Kwanza tuulizane, saa ile ni ya nani?

Wahariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Unautumiaje muda wa chakula cha mchana ili uongeze ufanisi kazini?" Nililisoma swali ndani ya daladala, na mpaka nashuka Rangi Tatu lilikuwa bado linaniuma. Limeshaamua kwamba saa ile ni mali ya kazi, sisi tubaki kupeana mbinu tu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mwajiri anaweza kukutaka uendelee ikiwa tu kazi yenyewe haiwezi kuachwa bila mtu, au hakuna mwenzako wa kuifanya, na hapo akulipe. Wangapi tunalipwa?

Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mahali pengine, na mkuu wetu aliwasifia hadharani wanaokula mezani. Nami nikawa nakula mezani, mkono mmoja kijiko, mwingine kompyuta. Ijumaa moja, kama saa saba na nusu, niliandika barua ya kutoa kontena bandari kavu ya Kurasini. Namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba. Penye 41 nikaandika 14, nikapiga muhuri, nikampa dereva.

Getini wakamwambia kontena hilo hawana. Alikaa juani mpaka jioni, kwa sababu mimi simu niliizima ili nimalize kazi nyingine. Kontena likalala Jumamosi na Jumapili, storeji, yaani malipo ya kulihifadhi, ikahesabiwa, nami Jumatatu nikapewa barua ya onyo. Lakini onyo nimeshalisahau lilivyoandikwa. Ninachokumbuka ni yule dereva, mzee, kuingia ofisini na ile barua ya kontena imeloa jasho, akaniangalia, akauliza, "Mwanangu, leo umekula?" Nikamjibu, "Nimekula, baba, hapahapa." Akasema, "Basi hujala. Twende."

Alinipeleka kwa mama lishe nyuma ya yadi ya malori. Wali, maharage, mchicha, benchi moja refu chini ya mwarobaini. Hakunigombeza. Aliokota kijiti akachora namba chini, halafu akaizungushia tarakimu ya mwisho kisanduku, kama ilivyochorwa ubavuni mwa makontena. "Hii peke yake ndiyo inayowalinda wenzake," alisema. Inatokana na hesabu ya zile zilizotangulia; ukizigeuza mpangilio, mara nyingi hesabu hailingani nayo, kosa linaonekana. Ofisini mfumo wa kompyuta ndio ulikuwa ukikagua hivyo, barua ya kuandika mwenyewe haikaguliwi na yeyote. Akanizoesha kusoma namba kwa sauti, mbilimbili, na ya kisanduku mwisho peke yake. Mpaka leo nasoma hivyo.

Nikaanza kwenda pale kila mchana. Madereva ndio walionieleza geti gani lina foleni siku gani, na mteja yupi huchelewesha nyaraka halafu akalaumu gari. Ofisini hakuna aliyewahi kunifundisha hayo.

Nimeanza barua hii nikitaka kusema saa ya chakula isihusiane kabisa na kazi. Sasa nikijisoma, naona benchi lile ndilo lililonifanya karani. Sirudi nyuma kuhusu sheria, hapana. Mkuu angenituma pale kwa lazima nikakusanye habari, nisingesikia kitu, na mzee yule asingenichorea namba. Pia najua si kila mtu ana benchi kama lile. Mwenye kuswali adhuhuri ana pa kwenda, na mwenye mtoto mchanga anahitaji saa ile kuliko sisi wote.

Hivi sasa nasimamia vijana watatu. Saa saba nawatoa wote nje, kompyuta zinazimwa. Simu ya ofisi nabaki nayo mimi, maana ikiingia dawa inayohitaji baridi haiwezi kusubiri saa nane. Miezi mitano sasa sijafika kwa mama lishe. Kuanzia Jumatatu simu hiyo tutaishika kwa zamu, mimi nikiwamo.

Msomaji, Mbagala