Trela la pikipiki mbili na hema

Swali: Fundi, nina pikipiki mbili za matope, kila moja kilo 110. Tunaenda kupiga kambi Magadi. Ninunue trela la wazi au lililofungwa? – Msomaji, Kasarani

Jibu: Ndugu yangu, chukua la wazi. Lililofungwa ni zito, na upepo wa Kona Baridi, njiani kwenda Magadi, hulipiga ubavuni. Ekseli (mhimili wa magurudumu) moja yatosha. Tairi ziwe saizi moja na za gari, spea ikufae kote.

Pikipiki zikae mbele kidogo ya ekseli, ndoano ya gari ibebe kama asilimia 10 ya uzito wa trela na mzigo wake. Niliwahi kupakia nyuma. Mteremkoni trela likayumba hadi likanivutia ukingoni. Tafadhali, usirudie kosa hilo. Maji ya kambi pia, yaweke mbele.