Jibu: Ugali unakwama baada ya kupunguzwa tumbo
Pole dada wa Mikindani. Umeuliza mbona ugali unakukwama na huu ni mwezi wa 4 tangu upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula tumboni. Mimi niko mwaka wa pili tangu nipasuliwe na ugali wa muhogo bado siuwezi: unanata, unakaa kifuani, unarudi. Anza na samaki. Changu wa kuchemsha, vijiko vitatu vinne, tafuna mpaka alainike kama uji, ndipo uguse wanga. Maji usichanganye na chakula, subiri nusu saa. Juisi ya miwa achana nayo. Mimi ilinitoa jasho, moyo mbio, nikakaa chini palepale Shangani. Shughulini omba kisosi. Mashangazi watanuna, wazoee tu. Vidonge vya vitamini usiache. Ukitapika kila siku, rudi kwa daktari aliyekupasua.