Girl Guides: mwanzilishi si Olave

Ukiambiwa Girl Guides, chama cha skauti wa kike, kilianzishwa na Olave, mke wa Robert Baden-Powell aliyeanzisha skauti, si kweli: ni Agnes Baden-Powell, dada yake Robert. Angalia miaka tu: chama kilianza Uingereza 1910, wakati Olave alifunga ndoa na Robert 1912. Na chanzo hasa ni wasichana wenyewe! Mwaka 1909 walijitokeza kwenye mkutano wa skauti pale Crystal Palace, London, wakataka na wao watambuliwe, ndipo Robert akamkabidhi Agnes kazi hiyo. Mimi nilikuwa Guide shuleni na Agnes hatukutajiwa kabisa, inaniuma mpaka leo. Ila Olave naye ana haki yake: alikuwa Guide Mkuu kuanzia 1918, na majivu yake yamezikwa Nyeri, kwenye kaburi la mumewe.