Chakula Kinachooza Nyuma ya Mawe

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka jana niliweka tangi kubwa la kioo katika mapokezi ya nyumba yangu ya wageni hapa Rau, Moshi. Lina urefu wa sentimita 240, upana 60 na kina 60, na nimefuga humo samaki 40 aina ya mbuna wa Ziwa Nyasa. Wahudumu huwalisha asubuhi na jioni, na watoto wa wageni nao huwatupia vipande vya mkate. Chakula hubaki, hujipenyeza nyuma ya mawe na kuota ukungu mweupe, na sasa maji yameanza kunuka. Fundi aliyenitengenezea tangi ananishauri niongeze ngogo ili wale masalia. Je, nimsikilize?

Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, ngogo usinunue kwa sasa. Ni kweli kwamba hupekuapekua chini wakati wa usiku, lakini chochote atakachokila kitarudi majini kikiwa kinyesi, na wewe utakuwa umeongeza tumbo jingine katika tangi ambalo tayari limelemewa.

Tuanze na ulishaji. Mbuna ni wa ukoo mmoja na sato, perege na furu, ila riziki yake kuu ziwani ni mwani anaoukwangua juu ya miamba kidogo kidogo kutwa nzima, na utumbo wake mrefu umeumbwa kwa chakula hicho. Ndiyo maana mtu akisogelea kioo wote hukimbilia juu kana kwamba hawajala tangu juzi, na mhudumu mwenye huruma huongeza. Mkabidhi kazi hiyo mtu mmoja, apime kwa kijiko kilekile cha chai chakula chenye asili ya mwani, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili, na siku moja kwa wiki asiwape kitu. Mkate ukome kabisa, hata kama itabidi ubandike tangazo juu ya kioo.

Nasisitiza hili kwa sababu chakula kinachooza hutoa amonia, ambayo bakteria wa kwenye chujio huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na makali sana. Mbuna huhitaji maji yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 8 hivi, na katika maji hayo sehemu ya amonia iliyo sumu kali ni karibu mara 10 ya ile ya maji yenye pH 7, joto likiwa lilelile. Kwa hiyo masalia ambayo samaki wa maji yenye pH ya chini wangeyastahimili yanaweza kuwaua wako.

Usiku, taa zikishazimwa, mulika tochi kutokea ubavuni mwa tangi. Utaona punje zimevimba na kulala kwenye pembe ambako maji hayazunguki, hasa pale mawe yalipoegemea kioo cha nyuma. Yasogeze mbele kwa upana wa kiganja, kisha elekeza mdomo wa pampu upitishe maji katika uwazi huo kuelekea kwenye mdomo wa chujio. Kama chini umeweka kokoto, badili uweke mchanga mwembamba usiozidi vidole viwili, kwa kuwa katika kokoto masalia huzama usiyaone, ilhali juu ya mchanga hubaki wazi na mpira huyafyonza kwa urahisi.

Kila wiki vuta kwa mpira theluthi moja ya maji, ukianzia kwenye pembe hizo. Ni zaidi ya ndoo 12 za lita 20, na migomba yako itashukuru. Maji ya bomba ya kujazia yakae wazi siku nzima ili klorini itoke, na sifongo za chujio zisuuzwe katika maji uliyoyatoa tangini, kwani klorini ya bombani huua bakteria walewale unaowategemea.

Umeme ukikatika, samaki wasilishwe hadi urudi. Ukikatika kwa saa nyingi na chujio lako ni la kufungwa, lifungue na kulisuuza kabla ya kuliwasha, kwa sababu bakteria waliokosa hewa humo ndani huwa wamekufa na kuoza, na maji ya kwanza yatakayosukumwa yatapeleka uozo huo wote kwa samaki.