Re: Nimkatie binti yangu intaneti?
Dada, umeuliza kama umkatie kabisa intaneti binti yako wa miaka 13. Nakusihi usimkatie. Intaneti ni kama chakula: mtoto humnyimi, unaangalia anakula nini na nani anampakulia. Huko kwenye kupakuliwa ndiko kunakonitia hofu. Anatafuta somo la hesabu, jambo jema kabisa, lakini video ikiisha nyingine inajianzisha, na ukurasa hauna mwisho. Mtindo huo wa ukurasa usio na mwisho ulibuniwa mwaka 2006. Sahani inajijaza yenyewe, atajuaje kama ameshiba? Ingia kwenye mipangilio, uzime video kujiendeleza, uzime na arifa. Usiku simu ilale sebuleni. Halafu kaa naye, muulize leo kaona nini, na umsikilize bila kumfokea.