Kabla ya kumlaumu kijana kwa kutoogopa filamu ya zamani, kagua sebule yako

Mwaka jana nilimwekea mpwa wangu, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, filamu ya kutisha ya Halloween ya mwaka 1978, ya muuaji mwenye barakoa, nikiwa na hakika kwamba angekosa usingizi kama nilivyoukosa mimi nilipoiona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, mapazia yakiwa wazi, mke wangu akikaanga samaki jikoni, na kijana akiwa na simu mkononi. Baada ya nusu saa akaniuliza kwa adabu, "Mjomba, mbona hakuna kinachotokea?"

Siku ile nilimlaumu yeye na kizazi chake chote. Baadaye niliirudia filamu peke yangu usiku, nikaona kwamba kosa lilikuwa langu. John Carpenter, aliyeiongoza na kuitungia muziki, alikuwa na bajeti ya dola zipatazo 325,000 tu, na hata barakoa ya muuaji ni ile ya dukani yenye sura ya mwigizaji William Shatner, ambayo ilipakwa rangi nyeupe. Kwa kuwa hakuweza kununua vitisho vya gharama, aliutegemea upana wa picha: muuaji anasimama pembeni kabisa, nusu ya mwili ikiwa nyuma ya ua wa miti, kisha anatoweka bila mtu kumtaja. Anayeinamia simu kwa sekunde tatu humkosa, na aliyemkosa hana sababu ya kuogopa, kwa maana haoni ila wasichana wanaotembea mtaani wakizungumza mambo yao.

Ushauri wangu wa kwanza, kwa hiyo, ni kwamba filamu ya aina hii itazamwe usiku, taa zikiwa zimezimwa na simu zikiwa zimeachwa chumba kingine, ikiwamo ya mwenye nyumba. Kisha chukua rimoti uingie kwenye mipangilio ya picha. Televisheni nyingi za sasa hutoka dukani zikiwa na kazi ya kulainisha mwendo, ambayo hubuni picha za ziada katikati ya zile 24 ambazo filamu huonyesha kila sekunde, na matokeo yake ni kwamba msitu wa giza unafanana na tamthilia ya mchana iliyorekodiwa studio. Kila kampuni huipa kazi hiyo jina lake, lakini ukiiona picha inateleza mno, itafute uizime.

Hapa sina budi kukiri jambo. Kule kibandani tulitazama kwa TV ya chogo, yenye kioo kinachokaribia mraba, na kanda yetu ilikuwa imekatwa picha pande zote mbili ili ijae kioo. Maana yake ni kwamba mimi niliyejisifu miaka yote kuwa nimeiona filamu ile, nilikuwa nimeiona bila zile pembe ambazo muuaji husimama. Ndiyo sababu wanaoshikilia kwamba filamu za zamani zitazamwe kwa vifaa vya zamani wananichosha kidogo. Kibanda hakikutupa picha nzuri, kilitupa watu. Tulibanana kwenye mabenchi, mmoja akipiga kelele wote tunaruka, na filamu nyingine zilikuja na sauti ya Lufufu, Kapteni Derek Mukandala, akizisimulia kwa Kiswahili juu ya maneno ya waigizaji. Hata filamu za kutisha za hapa kwetu, kama Nsyuka ya Mussa Banzi, huwa na ladha nyingine mkiwa wengi, na kucheka ni ruhusa. Waalike angalau wawili zaidi.

Kwa michezo ya zamani ya mashine, ushauri unageuka, na chogo linarudi kwenye heshima yake. Michoro ya mchezo kama Pac-Man, ambamo unaongoza mdomo unaokimbizwa na mizimu, uliotolewa na kampuni ya Namco mwaka 1980, ilichorwa kwa ajili ya vioo vya aina hiyo, ambavyo nukta zake huingiliana kidogo, ilhali kwenye televisheni bapa kila nukta hujitokeza kama kigae cha bafuni. Televisheni bapa pia huweza kuichelewesha picha kidogo baada ya kubonyeza, kwa hiyo kama huna nyingine, washa mpangilio wa michezo. Ukipata chogo kwa fundi, lichukue, ila usilifungue mwenyewe, kwa kuwa ndani yake umeme hatari huweza kubaki hata baada ya kulichomoa ukutani.

Lakini kifaa peke yake hakitoshi. Nilipomtembelea ndugu yangu Marekani, alinipeleka Galloping Ghost Arcade iliyopo Brookfield, karibu na Chicago, ukumbi uliofunguliwa mwaka 2010 wenye mamia ya mashine, ambapo unalipa kiingilio mlangoni kisha unacheza bila sarafu. Saa ya kwanza niligusa mashine zisizopungua ishirini na leo sikumbuki hata moja, kwa sababu nikifa nilibonyeza tu nikaanza upya. Ndipo nikajiwekea sharti la majaribio matatu kwenye mashine moja, nikasimama mbele ya Pac-Man. Kwa mara ya kwanza nilitulia kuwatazama wale mizimu: mwekundu hukufuata nyuma, wa waridi hulenga mbele ya mdomo wako ili akukate njia, na wa rangi ya chungwa hukukaribia kisha akatoroka kuelekea pembeni kwake. Mtu asiye na cha kupoteza hana haja ya kuyajua hayo.

Sharti hilo nimelileta nyumbani. Mpwa wangu ana majaribio matatu kwa usiku mmoja, akiyamaliza anamwachia mwingine, na mimi vilevile. Ijumaa iliyopita aliyamaliza yote kabla ya saa tatu, akaomba la nne, nikamkatalia. Akanuna kidogo, akapeleka simu yake chumbani, akarudi kuzima taa, akaniuliza kama kuna filamu nyingine ya yule bwana wa barakoa nyeupe.