Siku 84 za Likizo ya Uzazi Zinaanza Kuhesabiwa Lini?

SWALI: Assalaam aleikum, Bi Mshauri. Mimi ni karani wa hesabu katika kampuni moja binafsi huko Pongwe, na nyumbani kwangu ni Makorora, hapa hapa Tanga. Nilianza likizo ya uzazi wiki nne kabla ya tarehe niliyopewa kliniki, lakini mtoto akachelewa wiki nzima. Leo ana siku 37, na mkuu wangu wa kazi amenipigia simu kunikumbusha kwamba nimebakiwa na siku 12 tu. Ninavyojua mzazi ana siku 84, kwa hiyo naona nimedhulumiwa siku 35. Mavyaa wangu ameapa kwamba mjukuu wake hataachiwa mtu kabla ya kutimiza miezi sita, na mume wangu amenyamaza. Je, niandike barua ya kuacha kazi?
Mzazi wa Makorora

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu, na hongera kwa kujifungua salama. Kwa kuwa siku zako ni chache, jibu hili nilikutumia kwanza kwa simu. Hapa nalitoa kwa ajili ya wenzako, maana kosa lako la hesabu si lako peke yako.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 33, inampa mzazi siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Siku hizo huanza kuhesabiwa pale likizo inapoanza, si pale mtoto anapolia. Wewe ulitumia siku 28 ukimsubiri mtoto, naye akakuongezea saba za kuchelewa kwake, ndiyo maana zikabaki 49. Mkuu wako, hata kama sauti yake ilikuwa kali, hakukosea hesabu. Sheria inaruhusu kuanza likizo wiki nne kabla ya kujifungua lakini haimlazimishi mtu, na mama mwenye afya njema ambaye kazi yake ni ya kukaa mezani angefaa kuzitunza siku hizo kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa.

Kitu ambacho mwajiri hawezi kukudai ni kurudi ndani ya wiki sita za kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kwamba unaweza. Wazee wetu walisema arobaini, sheria ikasema arobaini na mbili. Sijui nani alimsikiliza nani.

Sasa tuje kwenye kinachokusumbua kweli, nacho ni nani atakayekaa na mtoto na atanyonyaje. Unayo likizo ya mwaka, ambayo kisheria ni siku 28 na haimezwi na ile ya uzazi. Kama hujaitumia, omba kwa maandishi uiunganishe, ukijua kwamba mwajiri ndiye mwenye kauli juu ya lini ianze. Akikubali, utarudi mtoto akiwa na wiki kumi na moja. Miezi sita ya mavyaa wako haitafika, ingawa hoja yake ni ya kweli, kwani wataalamu wa afya nao wanasisitiza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa muda huo.

Hapo ndipo zinapoingia saa mbili za kunyonyesha ambazo sheria inakupa kila siku ndani ya muda wa kazi, na ambazo wazazi wengi huziacha zipotee kwa kuona haya kuziomba. Kutoka Pongwe hadi Makorora na kurudi kwa daladala, saa hizo zitaishia kituoni. Mimi ningetafuta ndugu au mtu wa kuaminika huko huko Pongwe, mavyaa wako ashinde naye pamoja na mtoto, nawe umfuate kwa miguu. Mama huyo akipewa kazi hiyo badala ya kupewa taarifa tu, kiapo chake kitalegea. Ikishindikana, patana na mwajiri utoke mapema kwa saa mbili, na maziwa ya kumwachia mtoto uyakamue. Ila joto la kaskazi si mchezo: maziwa yaliyokamuliwa hukaa nje kwa saa nne endapo chumba hakizidi nyuzi 25, na vyumba vyetu huzidi. Yatiwe kwenye friji, ambamo hudumu hadi siku nne.

Barua ya kuacha kazi usiiandike. Una haki ya kurejea kwa masharti yale yale uliyoyaacha, na ukirudi ukakuta umeshushwa cheo au mshahara umepunguzwa kwa sababu ya uzazi, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Kama ni kuachishwa kazi, muda ni siku 30 tu. Barua ya kuandika ni ya kuomba likizo ya mwaka na mpangilio wa saa za kunyonyesha, yote katika karatasi moja, na nakala yake iliyogongwa mhuri wa kupokelewa ibaki kwako. Mume wako ndiye aipeleke Pongwe, naye apate la kufanya katika kimya chake.